Kiboksi cha dawa chenye alamu cha Kariakoo: nimekaa nacho miezi kumi na nne

Nianze na kiboksi chenyewe, historia itafuata maana nayo ni ndefu. Ni cha plastiki, rangi ya bluu iliyopauka kama ndoo iliyosahauliwa juani, kina vyumba kumi na vinne, saba vya juu vimechorwa kajua na saba vya chini kamwezi, katikati kuna kasaa ka betri kenye vitufe vitatu. Jina hakina. Kwenye kifungashio kuna maandishi ya Kichina na picha ya bibi wa Kizungu anazichekea dawa zake kama ameshinda bahati nasibu. Mama alikinunua Kariakoo siku tatu kabla sijaondoka kwenda chuo Dodoma, yule kaka muuzaji alitaja elfu arobaini na tano, mama akamuuliza "mwanangu, kwani humu ndani kuna dhahabu?", wakamalizana kwa ishirini na nane.

Sasa mtu atauliza binti mzima anatembea na kiboksi cha dawa kama ana miaka sabini, kulikoni. Nimepandikizwa ini. Mwaka 2008, Delhi, nilikuwa na miaka miwili na nusu na kipande cha ini kilitoka kwa mama. Nilizaliwa mirija ya nyongo imeziba, ile manjano ya vichanga ambayo kwa wengine wiki mbili imeisha mi yangu haikuisha, choo kikawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, mama akaambiwa aniweke kwenye jua la asubuhi itaondoka. Akaniweka. Wiki zikaenda. Kuna operesheni ya Kasai, jina la daktari Mjapani aliyeibuni, wanachukua utumbo wanauunganisha moja kwa moja na ini ili nyongo ipate pa kutokea, lakini ile inatakiwa mtoto awe bado mdogo sana, ndani ya miezi miwili ya kwanza ndo inakuwa na matumaini zaidi, mi nilifika mezani nina miezi minne. Ikanisogeza tu. Na hapa nyumbani kipindi hicho hata figo zilikuwa hazijaanza kupandikizwa (Muhimbili walianza figo 2017), kwaiyo ikawa India, michango ya jumuiya, michango ya ukoo, na baba akauza kiwanja cha Mbagala ambacho mpaka leo tukipita pale anageuzia uso upande wa pili.

Mama ana kovu tumboni lina miguu mitatu kama nembo ya Mercedes, anasema ndo Mercedes pekee Mungu aliyompangia. Ini lake lilirudi karibu ukubwa wake wa mwanzo baada ya miezi michache, na kile kipande changu kimekua na mimi, nikirefuka nacho kinaongezeka. Hiyo sehemu bado inanishangaza mpaka kesho.

Ila operesheni ndo mwanzo tu. Baada ya pale maisha yako yote ni saa. Nakunywa takrolimusi, dawa ya kushusha kinga ya mwili ili mwili usilishambulie ini la mtu mwingine, kila baada ya masaa kumi na mbili, saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, Krismasi, mtihani, safari, msiba, haijalishi. Kwa miaka kumi na sita alamu yangu alikuwa mama. Yaani namkumbuka kwenye harusi ya mamdogo, MC ameshika maiki anaita watu wa keki, mama huyo anapita katikati ya ukumbi na chupa ya maji mkononi, kilemba kichwani kimepinda, "fungua mdomo". Mbele za watu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nilitamani ardhi inimeze.

Kilichofanya kiboksi kinunuliwe ni siku nilivyohamishwa kutoka kliniki ya watoto kwenda ya watu wazima. Kule kwa watoto walinizoea, ma-sista wananiita mchumba, dokta anaongea na mama mi nachezea simu. Kliniki mpya dokta kaangalia faili, akaniangalia mimi, akauliza unatumia miligramu ngapi. Mama akajibu. Dokta akasema kwa upole kabisa "samahani mama, naomba ajibu mwenyewe". Nikakaa kimya. Nilikuwa najua tu rangi, ya njano moja na nyeupe moja. Miaka kumi na tisa! Tumetoka nje mama hakunisema hata neno, na mama yangu akinyamaza ujue ni kubwa kuliko akisema. Jumamosi yake ndo tukaenda Kariakoo. (Ni miligramu moja na nusu asubuhi, miligramu moja na nusu usiku, kapsuli ya miligramu 1 na ya 0.5. Sa hivi hata ukiniamsha usingizini nakwambia.)

Haya turudi kwenye bidhaa. Tatizo la kwanza siwezi kuwalaumu Wachina peke yao, ni sisi na saa zetu. Mama ndo aliiset kabla sijasafiri, akaweka 3:00 na 3:00, asubuhi na usiku, maana dawa si saa tatu? Kale kaherufi ka AM na PM kako pembeni kadogo kuliko chawa na miwani alikuwa ameiacha nyumbani. Basi usiku wa kwanza hosteli, tuko wanne chumbani hata majina hatujashikana vizuri, saa tisa kamili ya usiku kitu kikaanza kulia tii-tii-tii-tii, na kinalia kwa sauti ambayo sijui imetengenezwa kwa ajili ya viziwi. Mmoja akashuka kitanda cha juu anatafuta kandambili gizani anauliza kuna moto wapi. Nikakifunika na mto, kikaendelea. Nikakikalia, kikaendelea. Hakinyamazi mpaka ubonyeze kitufe cha katikati na mi kwa ile hofu nabonyeza vya pembeni, ndo kwanza nikabadilisha na tarehe. Kesho yake saa tisa alasiri kikarudia tena kwenye kipindi cha kwanza kabisa cha muhula, ukumbi una watu kama mia tatu, mwalimu akasimama akasema "mwenye bomu atoke nalo".

Nikampigia. "Mama, uliweka saa ngapi kwenye kile kiboksi?" "Saa tatu, si ndo saa yako ya dawa?" "Mama, saa tatu ya kwenye mashine ni saa tisa." Akakaa kimya kidogo, afu akaanza kucheka, alicheka mpaka salio likaisha. Kwaiyo ukinunua, weka 9:00, hakikisha moja inasoma AM na nyingine PM, na kama unamnunulia mzazi au bibi muwekee wewe mwenyewe kabisa usimwachie.

La pili ni herufi za siku. Juu ya vifuniko wameandika kwa Kiingereza herufi mojamoja, sasa kuna T mbili na S mbili, na ukifungua asubuhi macho bado mazito unaweza kula Jumanne ukidhani ni Alhamisi. Mama alilimaliza hili kwa marker pen, J2, J3, J4, J5, Alh, Ij, J1, wino umeshafutika mara mbili nimerudishia. Kama wangeweka tu nafasi tupu tuandike wenyewe ingekuwa bora.

La tatu ndo muhimu na sijaona mtu yeyote akilisema. Takrolimusi hutakiwi kuichomoa kwenye stripu yake ukaiacha wazi kwenye kiboksi wiki nzima, inatakiwa ukiitoa uimeze palepale, hazipendi unyevu, ndo maana zinakuja zimefungwa tena ndani ya mfuko wa foili na kale kapakiti ka kunyonya unyevu (ambako hakaliwi, nasema kwa sababu kuna binamu yangu alitaka kuonja). Mtu wa Dar anajua chumvi ya mezani inavyogeuka uji mwezi wa nne, sasa fikiria kapsuli. Kwaiyo mi Jumapili jioni nakaa kitandani na mkasi nakata stripu, kila chumba kinapata kipande chenye ya njano na kipande chenye nyeupe, na hapa kiboksi kinapata maksi zake, vyumba ni virefu kama kidole gumba na kina cha kutosha, vipande viwili vinaingia ukivisimamisha kidogo ubavu. Kona za stripu iliyokatwa zina ncha, zimenichana kidole mara kibao, siku hizi nazikata mviringo kama kucha. Ukienda kununua beba stripu yako ujaribishe palepale dukani, muuzaji akinuna mwache anune. Kile chumba cha hosteli wenzangu wameshazoea, Jumapili wakisikia mkasi wanasema fundi cherehani ameanza.

Kuna na suala la kula. Dawa hii inataka tumbo tupu, saa moja kabla ya chakula au masaa mawili matatu baada yake, na kikubwa zaidi ni kutobadilisha badilisha. Kwaiyo chakula cha usiku nakula saa kumi na mbili wakati wenzangu wanakula saa mbili na nusu, na chips mayai za saa tatu usiku pale getini mi nazisikiaga harufu tu mpaka saa nne ndo nakwenda na mara nyingi zimebaki zile nyeusi za chini ya karai. Kiboksi kina alamu nne, nilitumia ya tatu kujikumbusha kuacha kula, nikaizima baada ya wiki, ilikuwa inanifanya nijione mfungwa.

Niseme na kwa nini sikimbii tu na alamu ya simu kama mnavyotaka kuniuliza. Alamu ya simu unaizima huku unasoma meseji, dakika mbili baadaye hujui kama umekunywa au umewaza tu kwamba utakunywa. Kiboksi chumba kikiwa kitupu umekunywa, kikiwa na kitu hujanywa, hakuna mjadala. Na mi nina sababu ya kutojiamini. Kidato cha tatu nilikuwa bweni, dawa zinakaa kwa matroni, saa tatu usiku ni katikati ya prepu, kwaiyo kila siku unanyoosha mkono unaomba ruhusa unatoka wote wanakutazama, na kulikuwa na maneno, unajua wasichana bweni wakiona mtu anakunywa dawa kila siku kwa saa maalum wanachofikiria ni kimoja tu. Nikaanza kuruka ya usiku. Leo, kesho kutwa, mara wiki nzima. Na ubaya wake husikii kitu! Huumwi, hutapiki, nilikimbia mita mia nne michezo ya shule nikashika namba mbili. Likizo nimeenda kupimwa, kipimo kimoja cha ini ambacho kwangu huwa thelathini na kitu kilikuwa kimepita mia nne. Mwili umeanza kulikataa ini. Sindano ya kuchukua kinyama cha ini, dripu za dawa kali siku tatu, uso ukavimba ukawa duara kama sinia, na njaa, jamani ile njaa, nilikula mkate mzima na juisi ya jikoni ikaisha nikaomba na mkate wa jirani. Wauguzi waliniambia umri ule ndo wanaowapoteza sana, wengi ini linafanya kazi vizuri toka utotoni afu linakuja kuharibika kwenye balehe kwa dawa kurukwa. Mama alilala kwenye kiti wiki nzima. Alichoniuliza ni kitu kimoja, "ulikuwa unamwaga wapi?" Nikamwambia chooni. Akasema "sawa". Kile kipande ni chake, nadhani ndo alichokuwa anawaza, mi ndo nilichokuwa nawaza.

Kwaiyo 28,000 kwa kitu kinachokuonyesha kwa macho kama jana usiku ulikunywa ni bei ya bure.

Kuna siku moja tu alamu inatakiwa uipuuze na kiboksi hakijui, siku ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu. Damu inatolewa masaa kumi na mbili toka dozi ya usiku, kabla hujanywa ya asubuhi, ukinywa kwanza namba inatoka juu ya uongo na dokta anaweza kukupunguzia dozi bila sababu. Mi nikirudi Dar kwa treni ya SGR naenda maabara asubuhi na kiboksi kwenye pochi, nakaa kwenye foleni, saa tatu inagonga kinalia mbele ya watu wote, na bado kuna watu sita mbele yangu. Kaka wa maabara sa hivi ananijua, akisikia tii-tii anatoa kichwa dirishani, "sista wa alamu pita". Hii faida haikuandikwa kwenye kifungashio. Zamani walitaka namba yangu iwe kama kumi hivi, miaka inavyoenda wanaishusha, sa hivi tano inawatosha, maana dawa hiyohiyo inayolinda ini taratibu inachosha figo na kupandisha presha, kwaiyo wanatafuta kile kidogo kinachotosha.

Na kuna mambo ambayo kiboksi hata kingekuwa cha laki tano kisingeyaweza. Mwaka jana nilipata fangasi, nikapita duka la dawa nikapewa flukonazoli nikameza, sikusema nina ini la kupandikizwa, nilikuwa na haraka. Baada ya siku chache nashika kalamu darasani mkono unatetemeka kama mzee, mwandiko wangu mwenyewe sikuusoma, kichwa kinagonga. Flukonazoli inapandisha takrolimusi kwenye damu, erithromaisini nayo hivyo hivyo, balungi nalo hivyo hivyo (nalipenda, basi tena), wakati rifampisini ya TB yenyewe inaishusha mpaka ini linabaki halina cha kulilinda. Vyumba vilikuwa vitupu kwa wakati, alamu ililia kwa wakati, na bado nilikuwa nimejizidishia dozi. Siku hizi kabla ya kununua hata kidonge cha kikohozi nampigia mfamasia wa kliniki. Tumbo la mwezi ni paracetamol tu, ibuprofen hapana, figo. Chanjo zenye virusi hai kama ya homa ya manjano hapana. Kofia na losheni ya jua ndio, hata sisi weusi, wenzangu hosteli walinicheka mpaka wakachoka.

Watu wananiuliza sana, eti hilo ini litadumu miaka mingapi. Mtoto wa kwanza duniani kupandikizwa ini ilikuwa Denver Marekani mwaka 1963, hakutoka mezani. Aliyepandikizwa hukohuko 1970 akiwa mtoto aliishi zaidi ya miaka arobaini. India walifanikiwa kwa mtoto kwa mara ya kwanza 1998, pale Delhi, na yule mtoto wa kwanza amekuwa daktari, hiyo stori mama anaisimulia kwa kila mgeni akiwa hajamaliza hata kukaribishwa chai. Na takrolimusi yenyewe waliitoa kwa bakteria wa kwenye udongo wa chini ya mlima Tsukuba, Japani, mwaka 1984, kwaiyo wale watoto wa enzi za 1970 hata hawakuwa na dawa hii ninayoilalamikia hapa kwamba kona zake zinachana vidole.

Haya kasoro kubwa, na ndo inayonifanya nisitoe nyota zote. Betri. Ni ile ya duara kama sarafu, ilikaa miezi minane ikafa kimyakimya, hakuna taa, hakuna mlio wa kukuonya, kioo kimezima tu. Ilikufa Ijumaa mchana. Usiku nikawa kwenye birthday ya rafiki huko Area D, muziki juu, nimekiamini kiboksi kwenye pochi. Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu simu ikatetemeka, mama. Anapigaga kila siku saa tatu na dakika tano, siku hiyo alikuwa amechelewa, umeme ulikatika akawa anatafuta chaji. Hakusalimia. "Umekunywa?" Nikafungua pochi, Ij, kamwezi, vipande viwili vimesimama humo ndani vinaniangalia. Nikazinywa chooni kwa yule rafiki na maji ya bomba la sinki, ndoo ya maji safi ilikuwa mbali. Betri mpya ni elfu mbili, nanunua mbili kila miezi sita nabadilisha hata kama ya zamani inafanya kazi.

Mlio ukiwa kwenye daladala husikii, mtetemo hakina. Kifuniko cha J4 kimelegea nimekibana na rababendi. Kimeanguka toka ngazi ya pili ya hosteli, kikafunguka vyumba vitatu tu, vipande nikaviokota vyote.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Dukani kuna na kingine chenye vyumba vinne kwa siku, kizuri kwa macho na bei elfu thelathini na tano, hicho msichukue kama dawa yenu ni ya kukaa kwenye stripu, nilijaribisha hapohapo, vyumba ni vifupi, ya njano inaingia lakini nyeupe inabaki nje.